Mkupuo wa pensheni na ngazi za kodi: fedha ipi hukatwa, ipi haikatwi

Mwalimu, muuguzi au bwana shamba anayekaribia kustaafu huwa na swali linalomkosesha usingizi: nikipokea mamilioni kwa mara moja, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) itachukua ngapi? Anayeuliza hivyo anajua kwamba mshahara mkubwa hukatwa kodi kwa asilimia kubwa zaidi, na mkupuo wa pensheni ni fedha nyingi kuliko mshahara wowote aliowahi kuupokea.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ngazi za kodi zinavyofanya kazi, malipo yapi ya mwisho wa ajira hupita kwenye ngazi hizo na yapi hayapiti, na kwa nini muda wa kuchukua fedha unaweza kubadili kodi kuliko hata kiasi chenyewe. Tumeweka hesabu za mfano ili msikilizaji wa Matiri, Mbinga mjini au Mbamba Bay aweze kukaa na karatasi na simu yake akapiga ya kwake.

Ngazi za kodi ya mshahara

Kodi inayokatwa kwenye mshahara, ambayo wengi tunaiita PAYE, hukatwa kwa ngazi. Kwa mkazi wa Tanzania Bara, viwango vya mwezi vilivyoanza kutumika Julai 2021 ni hivi:

- Shilingi 270,000 za kwanza: hakuna kodi.
- Kuanzia hapo hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- Kuanzia hapo hadi 760,000: shilingi 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- Kuanzia hapo hadi 1,000,000: shilingi 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: shilingi 128,000, pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kufika ngazi ya asilimia 30 hakuna maana kwamba mshahara wako wote unakatwa asilimia 30. Kila kipande cha fedha hukatwa kwa kiwango cha ngazi yake. Mwenye mapato ya kodi ya shilingi 1,001,000 hukatwa asilimia 30 kwenye ile 1,000 iliyozidi, yaani shilingi 300. Milioni iliyo chini yake inabaki na kodi yake ileile ya 128,000.

Kwa hiyo hakuna anayepata hasara kwa kupandishwa mshahara kidogo na kuvuka ngazi. Anayekwambia "kataa nyongeza, kodi itakumaliza" hajapiga hesabu.

Kinachofaa kukijua ni kiwango cha shilingi yako ya mwisho: shilingi moja zaidi ikiingia leo, itakatwa asilimia ngapi? Kiwango hicho kinakueleza faida ya mchango wako wa pensheni leo, na kinakueleza fedha nyingi ikija kwa pamoja itaangukia wapi.

Mchango hutolewa kabla ya kodi

Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara wake kwenye Mfuko wa PSSSF, na mwajiri huongeza asilimia 15. Kwa NSSF, ambako ndiko waliko wafanyakazi wa sekta binafsi, jumla pia ni asilimia 20, na kwa kawaida mfanyakazi hutoa 10 na mwajiri 10. Mchango wa mfanyakazi hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwenye kilichobaki.

Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa 1,200,000. Mchango wake ni 60,000, kwa hiyo kodi inahesabiwa kwenye 1,140,000. Kodi hiyo ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya 140,000, jumla 170,000. Kama mchango usingetolewa kwanza, kodi ingekuwa 188,000. Yaani katika ile 60,000 aliyoweka kwa ajili ya uzee, 18,000 ingekwenda kwenye kodi. Amejipunguzia pale juu kabisa, kwenye ngazi ya asilimia 30.

Mwenye mshahara wa 400,000 naye hupata nafuu, ila ni ndogo zaidi kwa sababu shilingi yake ya mwisho iko kwenye ngazi ya asilimia 8. Mchango wake wa 20,000 unampunguzia kodi kwa 1,600.

Baada ya nafuu hiyo kuna swali: je, Serikali inaisubiri fedha hii mlangoni siku ya kustaafu? Nchi mbalimbali zimejibu kwa namna tofauti.

Mkupuo wa PSSSF na NSSF

Hapa Tanzania, mafao ya kustaafu yanayolipwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, mkupuo pamoja na pensheni ya kila mwezi, hayapitishwi kwenye ngazi za PAYE. Hayahesabiwi kama mshahara.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tupige hesabu. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, kisha unagawa kwa 580. Jibu ndilo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo ilianza kwa asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024, Serikali ilitangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo kabla ya mwaka 2022 lilikuwa likipata asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25.

Mtumishi wetu wa mfano amechangia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wake ni 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ya mwaka ni kama 8,937,900. Akiwa kwenye kundi la asilimia 40, mkupuo wake ni kama shilingi milioni 44.7, na pensheni ya kila mwezi ni kama 446,900.

Sasa tufanye kana kwamba mkupuo huo ungehesabiwa kama mapato ya ajira ya mwaka mmoja. Ngazi za mwaka ni zilezile za mwezi zikizidishwa mara 12, kwa hiyo asilimia 30 huanza baada ya milioni 12. Kodi ingekuwa kama shilingi milioni 11.3. Robo ya mkupuo ingeondoka, na pamoja nayo bati za nyumba, ng'ombe wa maziwa au mashine ya kukoboa kahawa.

Na kama pensheni yake ya mwezi ya 446,900 ingepitishwa kwenye ngazi hizohizo? Ingekatwa kama 14,150 tu, karibu asilimia 3. Mtu ni yuleyule na jasho ni lilelile la miaka 30. Fedha inayokuja kidogo kidogo hukaa kwenye ngazi za chini, na inayokuja kwa pamoja hupanda hadi juu. Hiyo ndiyo sababu nchi zinazotoza kodi mafao ya uzeeni hulazimika kuweka kanuni maalumu za mkupuo, na watu wake hulazimika kupanga ni mwaka gani wachukue kiasi gani.

Kiinua mgongo si kitu kimoja

Neno "kiinua mgongo" limewaponza wengi, kwa sababu tunalitumia kwa malipo ya aina tofauti. Mkupuo wa Mfuko tunauita kiinua mgongo. Malipo ya mwajiri mkataba unapokwisha nayo tunayaita kiinua mgongo. Hata malipo ya kuachishwa kazi, yale ya siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, yanaitwa hivyohivyo katika mambo ya kazi.

Mbele ya kodi hayako sawa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataja miongoni mwa mapato ya ajira: mshahara, malipo badala ya likizo, bonasi, kiinua mgongo kinachotolewa na mwajiri, pamoja na malipo ya kupunguzwa au kuachishwa kazi. Haya hupita kwenye PAYE. Ndiyo maana mfanyakazi wa mkataba anaweza kukatwa kodi kubwa mwezi wa mwisho, huku jirani yake aliyestaafu akipokea mkupuo wa PSSSF bila kukatwa PAYE. Hakuna aliyependelewa, ni malipo tofauti.

Mwezi wa mwisho unapobeba mzigo wa mwaka

Chukua mfanyakazi wa kampuni ambaye mapato yake ya kodi, baada ya kutoa mchango wa NSSF, ni 700,000 kwa mwezi. Kodi yake ya kila mwezi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 180,000, jumla 56,000. Mkataba wake unakwisha Machi. Mwezi huo analipwa mshahara, na juu yake 1,500,000 za likizo ambazo hakuzitumia na kiinua mgongo cha mkataba.

Mhasibu akiweka yote kwenye mwezi wa Machi, mapato ni 2,200,000 na kodi ni 488,000. Zile 1,500,000 zimekatwa 432,000. Sehemu ndogo imeangukia asilimia 20, sehemu nyingine asilimia 25, na 1,200,000 nzima imeangukia asilimia 30. Ni mtu ambaye kwa kawaida shilingi yake ya mwisho hukatwa asilimia 20.

Lakini kodi ya mapato ni ya mwaka, na mwaka wa kodi kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Tuseme mtu huyu hakupata kazi wala mapato mengine mpaka mwaka ukaisha. Mapato yake ya mwaka ni 2,100,000 za miezi mitatu na 1,500,000 za mwisho, jumla 3,600,000. Kwa ngazi za mwaka, 3,240,000 za kwanza hazina kodi, na 360,000 iliyobaki inakatwa asilimia 8, yaani 28,800. Yeye amekwishakatwa 600,000 katika miezi mitatu.

Tofauti hiyo ya 571,200 haitarudi yenyewe. Sheria inaruhusu mlipakodi aliyelipa zaidi kuomba marejesho, na kinachohitajika ni ushahidi: hati za mshahara za miezi yote, barua ya kuisha kwa mkataba, na uthibitisho wa mwajiri kuhusu kodi aliyokata na kuipeleka TRA. Karatasi hizo zidai kabla hujaondoka kazini. Ukisharudi kijijini, kumfuata mhasibu wa kampuni iliyoko mkoa mwingine ni nauli na siku nyingi.

Ukirudi kazini baada ya kustaafu

Walimu na wauguzi wengi hustaafu wakiwa bado na nguvu, wakaajiriwa na shule au zahanati binafsi. Je, pensheni inajumlishwa na mshahara mpya?

Kwa kuwa pensheni ya Mfuko haiingii kwenye PAYE, haijumlishwi. Mstaafu wetu mwenye pensheni ya 446,900 akilipwa mshahara wa 400,000, kodi yake inahesabiwa kwenye 400,000 pekee. Ni asilimia 8 ya 130,000, yaani 10,400. Kama vingejumlishwa kuwa 846,900, kodi ingekuwa kama 89,700, kwa sababu mshahara wote ungekalia mgongo wa pensheni na kupanda hadi ngazi ya asilimia 25. Ukiona kodi ya namna hiyo kwenye hati yako, muulize mhasibu amehesabu nini.

Jambo la kuangalia ni ajira mbili kwa wakati mmoja. Mwenye waajiri wawili hukatwa kwa ngazi za kawaida na mwajiri mkuu, na mwajiri wa pili hukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Mstaafu mwenye mwajiri mmoja hayumo kwenye kundi hilo, kwa sababu Mfuko si mwajiri wake. Mweleze mwajiri mpya mapema kwamba yeye ndiye mwajiri wako wa pekee.

Kodi inayokusubiri nje ya Mfuko

Mkupuo wenyewe haukatwi PAYE, lakini ukishautumia kuzalisha, kinachozaliwa kina kodi yake. Ukiweka benki kwa muda maalumu, riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Ukijenga nyumba ya kupangisha, pango nalo lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Ukifungua duka, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Akivuka hapo, huanza kulipa kulingana na mauzo.

Usichanganye mauzo ya duka na mtaji uliotoka kwenye mkupuo. Weka barua ya malipo ya Mfuko na taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha ilipoingia. Afisa wa kodi akiuliza mtaji ulitoka wapi, karatasi hizo zitajibu kwa niaba yako.

Majirani wamefanyaje

Kenya ni mfano mzuri wa nchi iliyotoza kodi mafao kwa ngazi. Kwa miaka mingi, pensheni ya mwezi ilisamehewa hadi shilingi 25,000 za Kenya, na mkupuo ulisamehewa shilingi 60,000 kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho 600,000. Kilichozidi kilikatwa kwa ngazi. Aliyestaafu baada ya kutimiza masharti alianzia asilimia 10 kwa 400,000 za kwanza, akipanda taratibu hadi asilimia 30. Aliyetoa fedha mapema alikatwa kwa ngazi za kawaida za mapato, ambazo hupanda haraka zaidi. Waliofikisha miaka 65 walisamehewa kabisa.

Sheria iliyoanza kutumika Kenya tarehe 27 Desemba 2024 ilisamehe kodi kwenye pensheni na mkupuo wa aliyefikia umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko wake. Anayetoa kabla ya masharti kutimia bado hukutana na kodi. Ujumbe wake ni rahisi: anayesubiri hupewa nafuu, anayeharakisha hulipia haraka yake.

Marekani, ambako wapo ndugu zetu wanaofanya kazi na kutuma fedha nyumbani, mambo ni makali zaidi. Mfanyakazi anayeweka kwenye akaunti ya kawaida ya kustaafu, kama ile ya 401(k), hupata nafuu ya kodi anapoweka. Anapotoa, kiasi alichotoa huongezwa kwenye mapato yake ya mwaka huo na kukatwa kwa ngazi zinazoanzia asilimia 10 hadi 37. Akitoa kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu, kwa kawaida huongezewa asilimia 10 nyingine. Kwa hiyo ndugu anayetaka kutoa fedha yote kwa mara moja aje kununua shamba Mbinga anaweza kupoteza sehemu kubwa. Akitoa kwa miaka miwili au mitatu, hasa miaka ambayo hana mshahara mkubwa, kila kipande hukaa kwenye ngazi ya chini zaidi. Kabla hujampigia simu kumwambia "toa tu yote", mwombe kwanza azungumze na mtaalamu wa kodi wa huko.

Tahadhari ya simu

Kutojua kodi kumewapa matapeli mlango. Mstaafu anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa afisa, anaambiwa mkupuo wake uko tayari ila alipe kwanza "kodi ya mafao" kwa namba fulani ili fedha itoke. PSSSF imewaonya wastaafu mara kadhaa kuhusu watu wa aina hii.

Ukishajua haya, utapeli huo unaonekana wazi. Kwanza, mkupuo wa Mfuko haukatwi PAYE. Pili, hata malipo yanayokatwa kodi, mwajiri huikata mwenyewe kabla hajakulipa. Hutumi wewe kwanza ili ulipwe. Tatu, malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Kata simu, kisha nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko Songea au ofisi ya TRA iliyo karibu nawe.

Mambo ya kufanya kabla ya kustaafu

- Soma hati yako ya mshahara. Hakikisha mchango umetolewa kabla ya kodi kuhesabiwa.
- Linganisha idadi ya miezi ya kuchangia na kumbukumbu za Mfuko. Miezi 12 ikipotea, kwa mtumishi wetu wa mfano mkupuo unapungua kwa karibu shilingi milioni 1.5.
- Mwombe mwajiri aandike kila malipo ya mwisho kwa jina lake: mshahara, likizo, notisi, kiinua mgongo cha mwajiri. Kila moja lionyeshe kodi yake.
- Kama mkataba unakwisha katikati ya mwaka, piga hesabu ya mwaka mzima Desemba ikifika, uone kama umekatwa zaidi.
- Kila Juni fuatilia bajeti. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na viwango tulivyovitaja vinaweza kubadilika kuanzia Julai.

Hesabu hizi zote ni kujumlisha, kuzidisha na kugawa, na kikokotoo cha simu kinatosha. Kaeni pamoja, mume na mke, au mstaafu na mwanawe aliyesoma, mziandike kwenye daftari kabla barua ya kustaafu haijafika.